Kufuli Nililovalishwa Msibani

Wakubwa zangu wote, shikamooni. Wadogo, marahaba, nimewasikia. Mwenyekiti amenisimamisha kwa sababu leo kikundi chetu cha kufa na kuzikana kimepata wageni, walimu wawili na nesi mmoja, wote wametoka mbali kama nilivyotoka mimi. Ameninong'oneza, "Mwalimu, wasimulie yako mapema." Nimekubali. Ila mnivumilie, maana haya mambo ni mabaya na aliyeyafanya ni mimi.

Majina sitayataja. Wenye kijiji mnawajua wote nitakaowasema, na wageni mtawajua taratibu.

Mimi ni Mngoni wa kuzaliwa, lakini Songea nilikuwa naiona wakati wa likizo tu. Nililelewa na mjomba Dar es Salaam, nikasoma bweni, nikatoka na cheti cha ualimu na mdomo mrefu. Nilipopangiwa kazi huku Newala nililia mbele ya watu, bila aibu. Mjomba akaniambia, "Vumilia miaka miwili, tutakutafutia uhamisho." Basi nikaja kwenu na roho ya mtu anayepita.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anayepita ana ukatili wake. Anasema, hawa watu nitawaacha, kwa nini nijisumbue nao? Nilipewa nyumba ya shule yenye tangi la maji ya mvua. Wageni, subirini mwezi wa tisa ndipo mtajua maji huku juu ni kitu gani. Watu wanashuka bondeni, wanapanda kilima na ndoo kichwani. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa anawaachia majirani wachote kwa zamu. Mimi wiki ya kwanza nilikwenda Newala mjini nikanunua kufuli kubwa la shaba, nikalifunga kwenye bomba la tangi. Alikuja mama mmoja na ndoo yake, akaliona, akasema, "Haya, nwalimu," akageuka. Mimi nikafurahi kwamba ameelewa.

Darasani mtoto akisema "ntu" badala ya "mtu", nilimsimamisha mbele wenzake wamcheke mpaka machozi yamtoke. Ofisini nikiwa na walimu wenzangu nilikuwa nawaita wazazi wao "wala panya". Naona mnacheka pale nyuma. Chekeni, lakini mimi sikusema kwa kucheka. Nilisema kwa kinyaa.

Na misibani sikwenda. Kilio kikianza, nafunga dirisha. Nikiulizwa kesho yake, nasema nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Hata msiba wa mtoto wa darasa langu mwenyewe nilisema hivyo hivyo.

Mwaka wa pili mama yangu akaugua miguu. Nyumba yake Songea ilikuwa imeshaanguka upande, ndugu wa kule wamekwisha, na mimi ni mtoto wake wa pekee, nikamchukua aje akae kwangu. Mama alikuwa mtu wa watu. Hakumaliza siku tatu akawa amempata rafiki. Ng'ambo ya uzio wangu wa michongoma aliishi bibi mmoja wa Kimakonde, mjane, mwenye nembo usoni, zile chale za kizamani. Mimi nilikuwa sijawahi kumwamkia. Yule bibi alisimama asubuhi kwenye uzio, akamwangalia mama yangu aliyekaa kibarazani, akapaza sauti, "Wewe! Mwizi wa ng'ombe! Umekufa au bado?"

Nilitaka kutoka na fagio. Mama akanizuia kwa mkono, uso umemchanua kama amepewa zawadi. Akajibu, "Sifi mpaka nikuzike wewe, mla panya!"

Ikawa ndiyo salamu yao ya kila siku. Bibi anaingia, anatandika mkeka, wanabangua korosho za kula, wanatukanana mpaka jua linakuwa kali. "Babu zako walikuja na ngao wakatuchomea nyumba na kuchukua kuku wetu. Leo binti yako amekuja na chaki, kachukua maji." Mama anacheka mpaka anakohoa. "Na ninyi mkakimbilia mashimoni na panya wenu, mkashindwa kutofautisha nani ni nani!"

Mama aliniambia, "Mwanangu, Mngoni na Mmakonde ni watani. Hayo maneno ni haki yake." Utani niliujua, Mtanzania gani asiyeujua? Lakini niliujua wa ofisini, wa kuchekana mpira na chai. Huu wa kumwambia mgonjwa "umekufa au bado" sikuuelewa, na sikutaka kuuelewa. Niliona mwanamke mchafu wa kijijini anamtukana mama yangu nyumbani kwangu, na mama yangu anajishusha.

Siku moja hali ya mama ilikuwa imezidi. Nikarudi kutoka kazini nikamkuta bibi ameinama juu ya mkeka na kipande cha kamba, anampima mama kutoka kichwani mpaka miguuni. Anasema, "Wewe mrefu hivi nani atakuchimbia? Watoto wangu watavunjika migongo." Mama yuko hoi, lakini anatabasamu.

Nilimshika yule bibi mkono nikamburuta mpaka nje, mtu mwenye umri wa kunizaa. Halafu nikaenda ofisi ya kijiji nikasema neno ambalo huku kwetu halisemwi ovyo. Nilisema, "Mchawi. Anampima mama yangu kaburi." Mtendaji wakati ule naye alikuwa mgeni. Akamwita, akamkalisha chini sakafuni mbele ya wazee, akamkataza kukanyaga kwangu, akamwambia akionekana atapelekwa polisi. Bibi hakujitetea. Aliniangalia tu, kisha akawaangalia wazee. Wazee walijua ule ni utani, lakini hawakusema kitu. Waliniacha niendelee kujichimbia, nami nikatoka nimenyoosha shingo.

Lile kufuli la tangi nikalihamishia getini. Tangi halikuhitaji kufuli tena, watu walikuwa wameshazoea kutolisogelea. Asubuhi nikienda shule, naweka uji na maji karibu na mama, nafunga geti kwa nje, ufunguo naweka mfukoni.

Mama alinisihi. "Umenikatia mtu wangu. Nitaongea na nani?" Nikamjibu, "Utaongea na mimi nikirudi." Nilikuwa nikirudi nimechoka, na hatukuongea. Alikuwa anakaa anaangalia uzio.

Ulikuwa msimu wa korosho, watu wote mashambani wanaokota, kijiji kitupu. Nilikuwa darasani, saa nne na kitu, nafundisha hesabu. Mlango ukasukumwa. Ni yule bibi. Mikono yake inatoka damu, amechanwachanwa mpaka juu ya viwiko. Niliiona ile damu, ndugu zangu, siwezi kusema sikuiona. Akaniambia, "Nwalimu, mama anaita maji. Kaanguka. Njoo na ufunguo."

Hakutania. Alinisemesha kwa adabu, kama mtu anavyomsemesha mkubwa.

Nikamwuliza, "Nani kakuruhusu kusogea kwenye uzio wangu?" Akasema tena, "Anaita maji." Nikamwambia mbele ya watoto, "Toka nje, mchawi we, kabla sijaita mgambo." Akatoka. Mimi nikageukia ubao nikaendelea na hesabu mpaka kengele ya mapumziko ilipolia, kwa sababu sikutaka watoto waone kwamba nimetikisika.

Nilipofika nyumbani, bibi alikuwa amekaa chini, nje ya michongoma, kichwa amekiinamisha kwenye miba. Hakuniangalia. Nikafungua kufuli. Mama alikuwa kwenye sakafu ya kibaraza, uso ameuelekeza upande wa uzio. Uji ulikuwa umemwagika, maji yamemwagika. Alikuwa bado ana joto.

Nilipotoka kupiga kelele, bibi ameshaondoka.

Sasa sikilizeni, wageni, hapa ndipo penu. Nililia kilio cha msiba, na hakuja mtu. Watu walirudi kutoka mashambani, walipita barabarani na magunia yao, wakasema, "Pole, mwalimu," wakaenda zao. Walimu wenzangu watatu walikuja wakakaa kwenye viti. Nao walikuwa wageni kama mimi, hakuna aliyejua jembe liko wapi. Kesho yake asubuhi bado tupo wanne na maiti ndani. Jua la mwezi wa kumi mnalijua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilimkuta anakoroga uji. Nikamwambia, "Baba, nisaidie watu wa kuchimba kaburi." Akakoroga, akaonja. Akasema, "Mwalimu, tangu umekuja tumezika hapa watu tisa. Ulikwenda kwa nani?" Akakoroga tena. Akasema, "Watu hawana ubaya na marehemu. Yule mama tulimpenda. Lakini wewe umetufundisha kufunga, na sisi tumefunga." Nilipiga magoti kwenye majivu yake. Akasogeza sufuria nisiimwage.

Walinisusia msiba. Nilistahili, lakini mama yangu hakustahili, na hilo ndilo lililokuwa linanikata. Nilirudi nikakaa mlangoni nikiwaza nitamzika vipi mama kwa mikono miwili na ardhi ngumu vile. Nikachukua sufuria, nikaanza kukwangua udongo nyuma ya nyumba. Ndiyo, sufuria. Mwalimu mkuu aliponiona alifunika uso.

Ndipo nikasikia sauti ng'ambo ya uzio. "Wewe! Mwizi wa ng'ombe! Umekufa au bado?"

Damu ilinipanda. Nikainuka na ile sufuria nikampige. Bibi alikuwa anaingia getini na ndoo ya maji kichwani, jembe begani, amevaa suruali ya marehemu mumewe juu ya gauni. Nyuma yake wanawe wawili wenye sururu. Na nyuma yao, mbali kidogo, mwenyekiti wa kitongoji, ameshanawa uji mikononi. Yeye ndiye aliyenishika. "Kaa chini," akaniambia. "Huyo ndiye mwenye msiba wako."

Sikujua. Mtani akishaingia na jembe, msiba unakuwa wake, na msiba wa bibi yule nani angeususia? Haikupita hata saa moja, uwanja ukajaa. Walikuja na mikeka, na kuni, na unga. Wamama wakamwendea marehemu. Mmoja akauliza maji, nikakimbilia tangini, nikachota ndoo nzima. Bibi akaipokea mkononi mwangu, akaimwaga yote chini mbele yangu. Akasema, "Mwizi wangu wa ng'ombe haoshwi na maji ya kufungiwa." Mama yangu akaoshwa na maji aliyoyapandisha yeye kutoka bondeni, na ile mikono yake yenye majeraha.

Kaburini ilikuwa mbaya zaidi. Jeneza limefika, katekista amefungua kitabu, bibi akaruka ndani ya kaburi akalala chali. Alikuwa amejifunga khanga ya mama yangu kichwani. Watu wakaanza kucheka, mimi ndiyo kwanza nashangaa. Akaanza kumwigiza mama, sauti ile ile, kikohozi kile kile. "Binti yangu msomi! Binti yangu kaenda kufundisha hesabu! Maji! Nani ana ufunguo wa maji?" Akageuka akaniigiza mimi, kidevu juu, anaandika ubaoni hewani. "Toka nje, mchawi we! Moja jumlisha moja ngapi, watoto?" Watu wakacheka. Akarudi kwa mama. "Mla panya, uko hapo?" Akajijibu kwa sauti yake. "Niko hapa, mwizi." "Unanionaje?" "Nakuona kwa tundu. Umekuwa mbaya kama babu zako." "Usiondoke." "Niende wapi? Nimekatazwa kuingia, sijakatazwa kukaa."

Watu wakaacha kucheka.

Hivyo ndivyo nilivyojua mama yangu alikufa vipi. Tangu bibi alipotoka shuleni mpaka mwisho walikuwa wanataniana kupitia miba. Maneno ya mwisho ya mama yangu hapa duniani yalikuwa matusi kwa Mmakonde, na mimi sikustahili kupata hata hayo.

Katekista akamwomba atoke. Akakataa. Mtani hatoki kaburini bure, lazima apewe kitu, na watu wakaanza kumtajia kuku, kitenge, pombe ya uraka. Akasema, "Sitaki kuku. Nataka kufuli."

Nikaenda kulileta. Nilitembea kutoka kaburini mpaka getini na kurudi, kijiji kizima kinaniangalia, hakuna aliyenisindikiza. Akatoka kaburini, akachana upindo wa ile khanga, akaupitisha kwenye lile kufuli, akanifunga shingoni kwa nguvu. Akawaambia watu, "Huyu ni mbuzi wangu. Atavaa mpaka tuanue matanga." Nikatupa udongo wangu juu ya jeneza na shaba inanigonga kifuani.

Nililivaa siku zote za matanga. Bibi alinikabidhi ndoo, nikawa nashuka bondeni na kupanda, nateka maji ya waombolezaji, na lile kufuli linacheza. Wanafunzi wangu waliniona. Mmoja wa wale watoto wa "ntu" alinipita njiani, akanipa shikamoo, hakucheka. Afadhali angecheka.

Matanga yalipoanuliwa nilikwenda ofisi ya kijiji nikaomba wazee waitwe tena. Nikakaa sakafuni pale pale alipokalishwa, nikasema neno langu lilikuwa la uongo. Kisha nikaenda kwa bibi kuomba msamaha. Alikuwa anapepeta. Akaniambia, "Nikusamehe nini? Mimi nilimzika mwizi wangu wa ng'ombe. Wewe sikujui." Nilikwenda tena, akanijibu hivyo hivyo. Nilikwenda mara nyingi. Sijawahi kulisikia neno la msamaha kinywani mwake, wala msije mkadhani mbele ya safari nitawaambia nililisikia.

Bomba la tangi niliacha wazi. Misibani nilianza kwenda, mwanzoni watu wananipisha kama mwenye upele. Nilijifunza kuosha maiti. Nilijifunza kukaa chini. Barua ya uhamisho ilipokuja, niliirudisha.

Kiangazi cha tatu baada ya msiba, asubuhi, nimesimama kibarazani napiga mswaki. Nikasikia kwenye uzio, "Wewe! Mwizi wa ng'ombe! Umekufa au bado?"

Nilijua mama hayupo. Nilijua hakuna Mngoni mwingine pale. Povu limejaa mdomoni. Alisubiri. Nikatema, nikasema, "Sifi mpaka nikuzike wewe, mla panya."

Akasema, "Haya." Akaenda kuteka maji.

Nawashukuru wanawe wawili waliochimba. Wamekaa pale, mkiwaona msiwapige makofi, hawapendi. Namshukuru mwenyekiti wa kitongoji aliyesogeza sufuria yake nisiimwage, maana angenionea huruma siku ile nisingejifunza kitu. Nawashukuru wamama mliomwosha mama yangu huku mkinichukia.

Ninyi wageni, nendeni msibani kabla hamjapata wenu. Na mtu wa hapa akikutukana, usikimbilie ofisini. Uliza kwanza, huyu ni nani wangu? Mimi niliwadharau watu wa kijiji kizima nisiowajua, na mama yangu alimjua mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyenitoa. Hata mimi sikuwapenda wote kwa pamoja. Nilianza na yeye, tena kwa kuogopa.

Msimu uliopita bibi alifariki. Wenyeji mlikuwepo. Nilikwenda na ndoo ya maji kichwani na jembe begani, nimevaa ile suruali ya mumewe, wanawe walinipa wenyewe. Niliingia kaburini nikalala chali, kufuli shingoni. Nikawaigizia anavyotembea, anavyomwaga maji ya mwalimu, na ninyi mkacheka vizuri sana. Kisha nikapaza sauti nikamwita alipolala kwenye jeneza, "Mla panya! Umekufa au bado?"

Mlidhani nimesahau maneno, mkaanza kuninong'onezea. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa namsubiri ajibu.